Uhusiano wa sehemu, desimali na asilimia

Sehemu, desimali na asilimia ni njia tatu za kuandika namba ileile. Nusu ya mkate inaweza kuandikwa 1/2, 0.5 au 50%, na mkate unabaki uleule. Njia hizi zinatofautiana katika jambo moja tu: asili, yaani namba inayoonyesha kizima kimegawanywa mara ngapi. Katika sehemu asili inaweza kuwa namba yoyote isipokuwa sifuri. Katika desimali asili ni 10, 100, 1,000 na kuendelea. Katika asilimia asili ni 100 daima.

Mara nyingi watoto hufundishwa mambo haya matatu kama mada tatu, kila moja na kanuni zake. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kukokotoa 3/4 ya 20 bila tatizo, kisha akakwama akiulizwa 75% ya 20, ambalo ni swali lilelile. Makala hii inaeleza uhusiano huo, historia yake kwa ufupi, na namna ya kuufundisha kwa mifano ya Kimuli na maeneo mengine ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania. Huko kahawa, ndizi na maharage ni sehemu ya maisha ya kila siku, na hesabu za kugawana, kukatwa na kukopa zinamhusu karibu kila mtu. (Wilaya ya Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012.)

## Istilahi

Katika sehemu kama 3/4, namba ya juu huitwa *kiasi* na namba ya chini huitwa *asili*. Asili inaeleza kizima kimegawanywa katika mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi kinaeleza tumechukua mafungu mangapi. Kwa hiyo 3/4 maana yake ni "gawanya katika mafungu manne yaliyo sawa, chukua matatu".

*Desimali* huandikwa kwa kutumia nukta. Tarakimu iliyo upande wa kulia mara tu baada ya nukta huhesabu sehemu za kumi, inayofuata huhesabu sehemu za mia, ya tatu huhesabu sehemu za elfu. Hivyo 0.375 ni sehemu 3 za kumi, 7 za mia na 5 za elfu, yaani 375/1000. Desimali husomwa tarakimu moja moja: "sifuri nukta tatu saba tano". Tanzania, Kenya na Uganda hutumia nukta, lakini nchi zilizofuata desturi ya Kifaransa, kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutumia mkato, hivyo 0,375.

Neno *asilimia* linajieleza lenyewe. Ndani yake yanaonekana maneno mawili, *asili* na *mia*: sehemu ambayo asili yake ni mia. Asilimia 45, yaani 45%, ni 45/100. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili amekwisha kujua asili ni nini kabla ya kufika kwenye asilimia, kwa hiyo kuligawa neno hilo mbele yake ni somo tosha. Anaona kwamba hajaletewa namba mpya, bali sehemu ambayo asili yake imeshakubaliwa na watu wote.

Kiswahili pia kina majina ya sehemu yaliyotoka Kiarabu: nusu (1/2), theluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), thumuni (1/8) na ushuri (1/10). Mengine hayasikiki sana siku hizi, lakini nusu, robo na theluthi hutumiwa kila siku. Neno *ushuru*, malipo ya sokoni na forodhani, lina asili moja na *ushuri*: awali lilihusu kutoa sehemu moja ya kumi.

## Historia fupi

Sehemu ni za kale zaidi kati ya njia hizi tatu. Wamisri wa kale waliandika sehemu nyingi kwa kujumlisha sehemu zenye kiasi cha 1. Kwa mfano, 3/4 iliandikwa kama 1/2 na 1/4. Hesabu za namna hiyo zimo katika mafunjo yanayojulikana kama Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes mnamo 1550 KK.

Asilimia ilianza katika kodi na biashara. Kaisari Augusto wa Roma alitoza kodi ya moja ya mia kwa bidhaa zilizouzwa kwenye mnada. Baadaye wafanyabiashara wa Italia walihesabu faida na riba "kwa kila mia", na alama ya % ilikua kutokana na ufupisho wao wa maneno hayo.

Desimali zilieleweka mapema katika nchi za Kiislamu. Al-Uqlidisi alizitumia mjini Damasko katika kitabu cha karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizieleza kwa mpangilio katika karne ya 15. Ulaya zilienea baada ya Simon Stevin kuchapisha kijitabu chake mwaka 1585.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa kuhama kutoka sehemu kwenda desimali, nao ni fedha. Katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, ambalo Karagwe ilikuwa ndani yake, rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100. Kila mgawanyo ulikuwa na faida yake. Namba 64 inakubali kugawanywa nusu kwa nusu mara sita bila kubaki kitu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Namba 100 inakubali mara mbili tu: 50, kisha 25. Thumuni ya rupia ilikuwa pesa 8 kamili, lakini kwa heller ilikuwa 12.5. Hata hivyo mia ilirahisisha kuandika na kujumlisha hesabu, kwa sababu inafuata mpangilio uleule wa makumi tunaotumia katika namba nzima.

Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921, na shilingi ya Tanzania iliyoifuata mwaka 1966, zote ziligawanywa katika senti 100. Sarafu ya senti 50 iliendelea kuitwa thumuni au sumuni, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi wala si moja ya nane. Jina la sehemu lilibaki midomoni mwa watu wakati kizima kilikuwa kimebadilika.

## Kubadilisha kutoka njia moja kwenda nyingine

Sehemu kuwa desimali. Mstari wa sehemu ni alama ya kugawanya. Gawanya kiasi kwa asili: 3/8 = 3 ÷ 8 = 0.375.

Njia ya pili, inayoeleweka zaidi kwa watoto, ni kutafuta sehemu iliyo sawa nayo yenye asili 10, 100 au 1,000. Kwa mfano, 3/5 = 6/10 = 0.6; na 7/20 = 35/100 = 0.35.

Desimali kuwa sehemu. Isome kwa thamani ya nafasi zake, kisha rahisisha: 0.45 = 45/100 = 9/20.

Desimali kuwa asilimia. Iandike kwa asili ya mia: 0.6 = 6/10 = 60/100 = 60%. Kuzidisha kwa 100 kunaleta jibu hilohilo.

Asilimia kuwa desimali au sehemu. Andika asili ambayo alama ya % imeificha: 8% = 8/100 = 0.08 = 2/25.

Jedwali lifuatalo lina usawa unaofaa kukaririwa, baada ya mwanafunzi kuelewa unakotoka.

| Jina | Sehemu | Desimali | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Nusu | 1/2 | 0.5 | 50% |
| Robo | 1/4 | 0.25 | 25% |
| Robo tatu | 3/4 | 0.75 | 75% |
| Theluthi | 1/3 | 0.333... | 33.3...% |
| Humusi | 1/5 | 0.2 | 20% |
| Thumuni | 1/8 | 0.125 | 12.5% |
| Ushuri | 1/10 | 0.1 | 10% |
| Moja ya ishirini | 1/20 | 0.05 | 5% |
| Moja ya arobaini | 1/40 | 0.025 | 2.5% |

### Desimali zisizokwisha

Si kila sehemu hupata desimali yenye mwisho. Sehemu iliyokwisha kurahisishwa hupata desimali yenye mwisho ikiwa asili yake haina vigawo tasa vingine ila 2 na 5, kwa sababu 10 yenyewe ni 2 × 5. Hivyo 1/8 na 1/40 zinakwisha. 1/3, 1/6 na 1/7 hazikwishi.

Sababu inaonekana katika kugawanya. Ukigawanya 1 kwa 7, baki linaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu. Baada ya hatua sita mabaki yamekwisha, na lazima moja lirudi. Baki likirudi, tarakimu nazo zinarudi kwa mpangilio uleule: 1/7 = 0.142857142857...

Kwa hiyo 33% ni makadirio ya theluthi, si theluthi yenyewe. Watoto watatu wakigawana shilingi 10,000 kwa "33% kila mmoja", kila mtoto atapata 3,300 na shilingi 100 zitabaki mezani. Sehemu 1/3 inaeleza mgawanyo huo kwa usahihi kuliko desimali yoyote yenye mwisho. Hii ndiyo sababu kujua asilimia hakuondoi haja ya kujua sehemu.

## Mpangilio wa kufundisha

Katika shule za msingi za Tanzania mtoto huanza na nusu na robo katika madarasa ya chini, kisha hukutana na desimali na asilimia katika madarasa ya juu. Mpangilio ufuatao unaziunganisha njia hizo tangu mwanzo.

1. Kugawana vitu halisi. Mtoto aanze kwa kukunja karatasi, kukata kamba au kugawa muwa. Hapa anapaswa kuelewa mambo mawili: mafungu lazima yawe sawa, na kizima lazima kijulikane.

Mkungu wa ndizi unafaa kwa somo hili kwa namna isiyotarajiwa. Tuseme mkungu una chane 8. Chane 2 ni 2/8, yaani robo ya idadi ya chane. Lakini chane za mkungu hazilingani. Za juu huwa kubwa kuliko za mwisho. Atakayepewa chane mbili za mwisho hatakuwa amepata robo ya mkungu kwa uzito. Waulize watoto nani amepunjwa, nao wataeleza wenyewe kwa nini neno "sawa" ni la lazima katika maana ya sehemu.

2. Sehemu zilizo sawa. Mtoto akikunja karatasi mara mbili anapata robo. Akiikunja mara ya tatu kila robo inakuwa thumuni mbili. Anaona kwamba 1/4 = 2/8 kabla ya kufundishwa kuzidisha kiasi na asili kwa namba moja. Bila hatua hii kubadilisha njia kutabaki kuwa mazingaombwe, kwa sababu kuigeuza 3/5 kuwa 60% ni kutafuta sehemu iliyo sawa nayo.

3. Mraba wa mia. Chora mraba wenye safu 10 za visanduku 10. Kupaka rangi safu moja ni kupaka 1/10, visanduku 10 kati ya 100, 0.1 au 10%. Kisanduku kimoja ni 1/100, 0.01 au 1%. Mwambie mtoto apake rangi robo ya mraba, kisha ahesabu visanduku. Atapata 25, naye ataandika 1/4 = 25/100 = 0.25 = 25%. Mraba huu unaweza kuchorwa kwa kijiti ardhini pale ambapo karatasi ni chache.

4. Mstari wa namba. Chora mstari kutoka 0 hadi 1. Chini yake weka sehemu, katikati desimali, juu asilimia. Alama ya nusu itakuwa na majina matatu: 1/2, 0.5 na 50%. Mstari unasaidia hasa kulinganisha: mtoto ataona 0.3 iko mbele ya 0.25, ingawa 25 ni kubwa kuliko 3.

5. Vipimo na fedha. Dukani watu huomba "nusu kilo" au "robo", na mizani ya kidijiti inaonyesha 0.500 au 0.250. Muuzaji na mnunuzi wanabadilisha sehemu kuwa desimali bila kutambua. "Kilo mbili kasorobo" ni mbili ukipunguza robo, yaani 1 3/4 au 1.75. Mtoto anayetumwa dukani anayo hesabu hii tayari. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha namna ya kuiandika.

6. Kulinganisha kwa asilimia. Asilimia iletwe pale inapohitajika. Mwanafunzi amepata 18 kati ya 25 katika jaribio la kwanza na 30 kati ya 50 katika la pili. Jaribio lipi alifanya vizuri zaidi? Asili ni tofauti, hivyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Zikipewa asili ya mia zinakuwa 72/100 na 60/100, na jibu linaonekana mara moja.

## Makosa ya kawaida

*Kusoma desimali kama namba nzima.* Mtoto anayesoma 0.25 "sifuri nukta ishirini na tano" huiona kubwa kuliko 0.3. Dawa ni kuisoma tarakimu moja moja na kuongeza sifuri wakati wa kulinganisha: 0.25 na 0.30.

*Kudhani asili kubwa ina maana ya sehemu kubwa.* 1/8 ni ndogo kuliko 1/4 kwa sababu kizima kimegawiwa watu wengi zaidi. Mfano wa sinia la chakula na idadi ya wanaokula hutosha kwa wengi.

*Kuandika 5% kama 0.5.* Kosa hili huondoka mtoto akiandika kwanza 5/100. Kisha anaona kwamba 0.5 ni 50/100, mara kumi zaidi.

*Kuchanganya saa na desimali.* Saa moja na dakika 30 huandikwa 1:30, lakini kwa desimali ni saa 1.5, kwa sababu dakika 30 ni nusu ya 60. Saa moja na robo ni 1.25, si 1.15. Asili ya saa ni 60, si 100.

*Kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili.* Mtoto huandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Mwambie abadilishe kuwa desimali: 0.5 + 0.25 = 0.75. Kwa kuwa 2/6 ni takriban 0.33, ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, ataona jibu lake haliwezekani. Kujua njia tatu kunampa mwanafunzi namna ya kujikagua mwenyewe.

## Asilimia ya nini?

Makosa yaliyotajwa juu ni ya darasani. Lililo kubwa kuliko yote huendelea hadi utu uzima na hugharimu fedha: kutaja asilimia bila kujua kizima chake. Kila mtu akitaja asilimia, swali la kwanza liwe "asilimia ya nini?"

Bei kupanda na kushuka. Tuseme kilo ya kahawa ilikuwa shilingi 1,000, ikapanda kwa 20%, kisha ikashuka kwa 20%. Haikurudi pale ilipokuwa. Kupanda kunaipeleka 1,200. Kushuka kunahesabiwa kwa kizima kipya: 20% ya 1,200 ni 240, hivyo bei inakuwa 960.

Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kiwango cha kawaida cha kodi hii Tanzania Bara ni 18%. Bidhaa ya shilingi 10,000 kabla ya kodi inauzwa 11,800. Anayetaka kujua kodi iliyomo katika 11,800 hapaswi kukokotoa 18% ya 11,800, ambayo ni 2,124. Kizima cha kodi ni 10,000. Katika bei yenye kodi ndani, kodi ni 18/118, na 18/118 ya 11,800 ni 1,800.

Kodi hiyo ilipoanza mwaka 1998 kiwango kilikuwa 20%, na kilishushwa kuwa 18% mwaka 2009. Ni sahihi kusema kiwango kilipungua kwa pointi 2 za asilimia. Ni sahihi pia kusema kilipungua kwa 10%, kwa sababu 2 ni moja ya kumi ya 20. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina kizima chake, na asiyejua hilo atadhani mmoja kati ya wasemaji anadanganya.

Riba ya mwezi. Katika vikundi vya kuweka na kukopa riba hutajwa mara nyingi kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya 10% kwa mwezi una riba ya 30,000 kwa miezi mitatu, ikiwa riba inahesabiwa kwa mkopo wa awali tu. Riba isipolipwa na ikaunganishwa na deni, kizima kinakua kila mwezi: 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100.

Butura. Mkoani Kagera kuna desturi iitwayo butura: mkulima mwenye shida ya fedha huuza kahawa ikiwa bado shambani, kabla haijaiva, kwa bei ya chini. Serikali imeipiga marufuku, lakini ada za shule na ugonjwa havingoji msimu. Tuseme mkulima anapokea shilingi 40,000 mwezi wa Januari kwa gunia ambalo mwezi wa Juni lina thamani ya 100,000. Amepoteza 60,000. Ni asilimia ngapi?

Kama kizima ni thamani ya gunia, amepoteza 60/100, yaani 60%. Lakini fedha aliyopokea ni 40,000, na kwa ajili yake ametoa 60,000 zaidi. Kama ni mkopo, riba yake ni 60,000/40,000, yaani 150%, kwa miezi mitano. Ukilinganisha na kikundi kinachotoza 10% kwa mwezi: 40,000 kwa miezi mitano ingezaa riba ya 20,000, au takriban 24,400 kama riba ingeunganishwa na deni kila mwezi. Mkopo unaoitwa ghali ungemwachia mkulima zaidi ya 35,000 ambazo butura inazichukua. Hesabu yote hii haihitaji zaidi ya yale anayofundishwa mtoto wa shule ya msingi, mradi ajue kuuliza kizima ni kipi.

## Sehemu katika dini na mirathi

Sheria ya mirathi ya Kiislamu imejengwa juu ya sehemu sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mjane ambaye marehemu mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Katika mali ya shilingi 2,400,000 iliyobaki baada ya madeni na wasia, fungu hilo ni 300,000, yaani 12.5%. Zaka ya fedha ni 1/40, ambayo ni 2.5%. Makanisa mengi hufundisha fungu la kumi, 10%. Mifano hii inafaa darasani kwa sababu watoto wameshaisikia nyumbani, na inaonyesha kwamba sehemu zilizoandikwa zamani zinasomeka leo kwa asilimia bila kubadilika thamani.

## Lugha ya kufundishia

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hujifunza mada hizi kwa Kiswahili, kisha hukutana nazo tena kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Maneno *kiasi*, *asili* na *asilimia* hupotea kwa ghafla, na yale yanayoyapokea hayafanani nayo kwa sauti wala kwa maumbo. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kuelewa huanza upya. Aliyeelewa kwamba asilimia ni asili ya mia anabadilisha jina tu.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mitihani. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 waliofaulu somo la Hisabati walikuwa takriban 20% ya watahiniwa, yaani mmoja kati ya watano. Sababu ni nyingi, zikiwemo uhaba wa walimu na wingi wa wanafunzi darasani, na mada moja haiwezi kubebeshwa lawama zote. Lakini uwiano, riba, takwimu, aljebra na uwezekano vyote husimama juu ya sehemu. Mwalimu wa sekondari anayepokea darasa jipya anaweza kupima msingi huo kwa swali moja fupi: waambie wanafunzi waandike 3/4 kwa njia nyingine mbili, kisha waeleze, kwa lugha yoyote waliyo nayo, kwa nini zote tatu ni namba moja. Wengi wataweza kuandika. Maelezo yao ndiyo yatakayomwonyesha mwalimu aanzie wapi.